N ya Ndiyo

Najua nimekuwa kimya, na wengine wenu mmeanza kudhani nimepata kazi serikalini. La, niko hapahapa Embu, kwenye meza ileile yenye mguu mmoja mfupi. Nilikuwa nikirekebisha kosa la herufi moja. Herufi yenyewe ni N, na kosa ni langu mwenyewe, si la kompaila wala la umeme kupotea.

Nitawasimulia ilivyokuwa, halafu nitawapa maoni yangu kuhusu jambo ambalo sisi watengenezaji wa hadithi za maandishi hulichukulia rahisi mno: vile vifupisho vya amri ambavyo mtu huvikuta tayari ndani ya kichanganuzi. Je, uviache vilivyo au uvipindue? Mimi nilikuwa upande wa kuviacha. Nimehama.

KWA WASIOZIJUA HADITHI HIZI

Hadithi za maandishi ni michezo ya kompyuta isiyo na picha. Programu inakuandikia: "Uko steji ya Embu. Makanga anaita watu wa Meru." Chini yake kuna alama ya > inayokusubiri. Unaandika "panda gari", nayo inakuambia kilichotokea. Sehemu inayosoma ulichoandika na kuamua ulitaka nini ndiyo tunayoiita kichanganuzi. Ukitumia lugha ya programu kama Inform, kichanganuzi hukiandiki wewe. Unakipata bure ndani ya maktaba yake, pamoja na amri nyingi zilizokwisha kutengenezwa na vifupisho vyake.

Ukiandika N unaelekea kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. L ni kuangalia mahali ulipo, X ni kuchunguza kitu, I ni kuona ulichobeba, Z ni kusubiri, G ni kurudia amri iliyopita. Programu ikikuuliza swali la kukubali au kukataa, Y ni kukubali na N ni kukataa. Ndiyo, N ileile ya kaskazini. Kwa Kiingereza hakuna anayechanganyikiwa, maana swali moja ni la njia na jingine ni la hiari.

Mila hii ina umri. Will Crowther, mwanaprogramu wa Marekani aliyependa sana kuingia mapangoni, aliandika mchezo wa Adventure katikati ya miaka ya 1970 akifuata sehemu ya pango la Mammoth Cave huko Kentucky. Don Woods wa Stanford akaupanua mwaka 1977. Mtu wa mapangoni hutembea na dira, kwa hiyo mchezo nao ukatembea kwa dira. Mwaka huohuo Zork ikaanza kuandikwa pale MIT, na kampuni ya Infocom ikaanza kuiuza mwaka 1980. Graham Nelson alipotoa Inform mwaka 1993 aliirithi mila hiyo, na sisi tunaipakua pamoja na Inform mpaka leo.

Silalamikii mila. Nimecheza michezo hiyo tangu nilipokuwa chuoni, na vidole vyangu huandika X kabla akili haijaamua. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Nilidhani vidole vyangu ni vidole vya kila mtu.

JINSI MAMA ALIVYOPOTEZA DAFTARI

Mchezo wangu unafuata barabara ya zamani ya kutoka Embu mpaka Meru. Mchezaji ni msichana anayempelekea nyanyake barua kwa miguu. Anapita Runyenjes, anavuka Thuci, anafika Chuka, anateremka mpaka Nithi, anavuka Mutonga, anapita Nkubu, na mwisho anafika Meru mjini kwenye mto Kathita. Kuna mahali 14. Kila mahali mchezaji anaweza kutumia amri ya "andika", na chochote atakachoandika kinabaki kwenye daftari la msichana. Nilitaka watu wa kwetu waijaze barabara kwa kumbukumbu zao.

Mtu wa kwanza niliyempa aujaribu ni mama yangu. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sasa amestaafu. Barabara hiyo aliitembea akiwa mtoto, kabla ya lami. Maandishi yote ya mchezo nilikuwa nimeyaandika kwa Kiswahili: maelezo ya mahali, majibu, vitenzi, kila kitu. Vifupisho tu ndivyo nilivyoviacha kama vilivyokuja. Nilijiambia ni herufi tu, na herufi haina lugha.

Baada ya dakika kumi akaniita. Huniita Baba, kwa sababu nimerithi jina la babake. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huchukua jina la upande wa mama.

"Baba, hii nayo inataka niandike kaskazini kila nikitoka?"

"Hapana, Mama. Andika N peke yake. Herufi moja inatosha."

Nikamwandikia kikaratasi: N kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Akakibandika kando ya skrini kwa kipande cha selotepu. Tangu hapo akaenda vizuri. Alikaa pale alasiri nzima mpaka giza likaingia. Mara mbili nilimpelekea chai na mara mbili niliikuta imepoa. Alikuwa akiandika kwenye daftari. Pale Thuci aliandika majina ya wanawake waliombeba mgongoni mto ulipofurika, wakati nyanya alipokuwa akimpeleka hospitali ya misheni Chogoria. Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma yake, lakini sikusoma yote. Nilijiambia nitayasoma kesho.

Alipochoka akaandika "acha". Programu ikamuuliza swali nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Je, nihifadhi daftari kabla ya kufunga?"

Akaandika N.

Programu ikasema "Kwaheri" na dirisha likafungika.

"Baba, njoo unionyeshe maandishi yangu yamekaa wapi."

Nilitafuta faili. Hakukuwa na faili. Nilijua sababu kabla sijamaliza kutafuta, lakini niliendelea kutafuta kwa sababu alikuwa ameketi pale akinitazama.

"Lakini niliiambia ndiyo," akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba kwa kompyuta N ni "no". Akanikatiza.

"No ya nani? Si iliniuliza kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amenionyesha kosa la usanifu kwa sentensi mbili.

KUTAFUTA N ILIKOJIFICHA

Usiku huo niliamua kuipindua. Hapa nawaandikia wenzangu wa fani, maana nilipoteza siku tatu kwa jambo ambalo lingenichukua saa moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani vifupisho vyote vinakaa mahali pamoja. Havikai. Viko katika tabaka tatu, na kila tabaka lina dawa yake.

Tabaka la kwanza ni vitenzi: X, L, I, Z. Hivi vimo katika jedwali la sarufi, na kuvipindua ni rahisi. Katika Inform 6 unaandika hivi:

Extend only 'x//' replace
    * noun -> Chukua;

Katika Inform 7 unaandika mstari mmoja:

Understand the command "x" as something new.

Basi, X imekuwa tupu na unaweza kuipa kazi yoyote. Angalieni pia zile alama mbili za mkwaju. Katika Inform 6, ukiandika 'x' bila mikwaju, kompaila inadhani unazungumzia alama moja ya maandishi, si neno la kamusi. Lazima uandike 'x//'. Kosa hili ni dogo na limewatesa wengi.

Nikajaribu njia hiyohiyo kwa N. Kompaila ikanigomea kwamba hakuna sarufi yoyote ya kitenzi hicho. Ilikuwa na haki, kwa sababu N si kitenzi.

Tabaka la pili ni pande za dunia. Kwa Inform, kaskazini ni kitu, kama vile kiti au chungu, na N ni mojawapo ya majina yake. Ukiandika N peke yake, kichanganuzi kinaona umetaja upande na kinaelewa kwamba unataka kwenda huko. Kwa hiyo dawa yake ni kubadilisha majina ya kile kitu. Kugusa vitenzi hakusaidii.

Tabaka la tatu ni maneno yaliyoshikiliwa na kichanganuzi chenyewe. G ya kurudia imo humo, na O ya kusahihisha neno ulilokosea imo humo. Unaweza kuandika mistari ishirini ya kuifuta G katika sarufi na isifutike, kwa sababu kichanganuzi huisoma kabla hakijafika kwenye sarufi. Humo pia ndimo yalimo maneno ya kukubali na kukataa. Swali la ndiyo au hapana lina utaratibu wake wenyewe, na utaratibu huo hauitazami sarufi yako hata kidogo.

Kwa hiyo N ya mama ilikuwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ilikuwa jina la kaskazini, na mahali pa pili ilikuwa neno la kukataa. Kikaratasi changu kilimfundisha ya kwanza. Ya pili haikuandikwa popote ambapo yeye angeiona.

Dawa ya kweli ni faili la lugha. Maktaba ya Inform 6 imeweka maneno haya yote katika faili moja linaloitwa English.h, kwa makusudi, ili mtu wa lugha nyingine aandike lake. Mwongozo wa Nelson, toleo la nne la mwaka 2001, una sehemu nzima kuhusu kuandikia lugha zisizo Kiingereza, na Wahispania, Waitaliano, Wafaransa na Wajerumani walikwisha kufanya hivyo zamani. Nilinakili faili, nikaliita Kiswahili.h, na nikaiambia kompaila:

+language_name=Kiswahili

Ndani yake nikakuta nafasi tatu za kukubali na tatu za kukataa. Tatu tu. Mwanzoni niliandika kama mtu yeyote angeandika: N, ndiyo, ndio, na upande wa pili H, hapana, la. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka kwamba nusu ya watu wa huku kwetu husema "apana", na wakiandika haraka huandika wanavyosema. Nafasi zimejaa. Nimtoe nani?

Nilitafakari swali hilo kuliko linavyostahili, na ndipo nilipopata maoni ninayowaletea leo. Nilizitoa herufi. Faili langu sasa linasema hivi:

Constant YES1__WD = 'ndiyo';
Constant YES2__WD = 'ndio';
Constant YES3__WD = 'eeh';
Constant NO1__WD = 'hapana';
Constant NO2__WD = 'apana';
Constant NO3__WD = 'la';

Mtu akiandika N kwenye swali hilo, programu inamwomba aandike ndiyo au hapana. Hakuna kinachofungika, na hakuna kinachopotea.

K MBILI NA M MBILI

Mtu ataniambia: sawa, N ilikuwa bahati mbaya. Tafsiri herufi nyingine zote za Kiswahili na mambo yataisha. Haya, tujaribu.

Kaskazini inaanza na K. Kusini inaanza na K. Mashariki inaanza na M. Magharibi inaanza na M. Waingereza wana pande nne zenye herufi nne tofauti, sisi tuna pande nne zenye herufi mbili. Chukua, chunguza na chini zote zinaanza na CH. Tazama, toka na toa zote ni T. Anayesema "tafsiri herufi" hajakaa chini na kalamu.

Jibu langu kwa K ni kutoichagulia mshindi. Nimetumia herufi mbili kwa kila upande: ks, ku, ms, mg. Kisha K peke yake nimeiweka kama jina la pande zote mbili. Mchezaji akiandika "nenda k", kichanganuzi kinakuta vitu viwili vyenye jina hilo, na kazi yake mahali hapo ni kuuliza unamaanisha kipi. Kinauliza kaskazini au kusini. Kuulizwa kunachukua sekunde moja. Kupelekwa kusini huku ukidhani uko kaskazini kunaweza kukuchukua saa nzima.

Kuna mtego mwingine hapa, na nautaja ili usikupate. Michezo ya Z-machine, kuanzia toleo la nne, hutazama herufi 9 za kwanza tu za kila neno. Kaskazini ina herufi 9 kamili. Mashariki 9. Magharibi 9. Nilishangilia kana kwamba walitupimia. Halafu nikaandika "kaskazini-mashariki" kwa kistari. Kichanganuzi hakikati neno penye kistari, kwa hiyo kililiona kama neno moja refu, kikachukua herufi 9 za mwanzo, na kikanipeleka kaskazini bila kusema lolote. Ukihitaji pande hizo za katikati, andika mchezo wako kwa Glulx, ambako unaweza kurefusha maneno ya kamusi kwa kubadilisha DICT_WORD_SIZE.

JUU NI UPANDE GANI?

Mama alinifundisha jambo moja zaidi kabla ya daftari kupotea. Alipofika Chuka katika mchezo aliandika "panda juu", na programu ikamwambia hakuna njia ya juu. Akashangaa. Chuka hakuna njia ya kwenda juu?

Kwa watu wa mlimani, juu ni kuelekea Mlima Kenya na chini ni kuelekea Tharaka na Tana. Mito yote ile ya mchezo wangu inatiririka hivyo. Ndivyo tunavyoelekezana: shamba liko juu ya barabara, duka liko chini ya barabara. Sasa chukueni ramani. Mtu aliye Embu mjini ana mlima upande wa kaskazini. Aliye Chuka ana mlima upande wa magharibi. Aliye Meru mjini, ng'ambo ya Ikweta, ana mlima upande wa kusini-magharibi. Kwa hiyo katika safari moja, ya barabara moja, neno "juu" linazunguka dira zaidi ya robo duara, na hakuna mtu wa kwetu anayepotea.

Amri za U na D katika maktaba zilitengenezewa ngazi na mashimo. Sikuhitaji kuvunja chochote. Katika kila mahali nimeweka u_to na upande wa dira vielekee sehemu moja: Chuka, juu na magharibi ni njia moja, na Embu, juu na kaskazini ni njia moja. Ni mstari mmoja kwa kila mahali. Majina ya vile vitu viwili sasa ni juu na chini, pamoja na j na ch. Nimeona kwamba mchezaji wa huku akishapata juu na chini, dira anaigusa mara chache sana.

WANAOPINGA

Rafiki yangu mmoja wa fani ananiambia nimewaharibia wachezaji wazoefu. Anasema vifupisho ni kama pedali za gari: huwezi kuhamisha breki kwa sababu dereva mmoja ni mgeni. Ni hoja nzuri, na ndiyo niliyokuwa nikiitumia mimi.

Nikaijaribu kwa hali yangu. Mtu anayefungua mchezo uliojaa Kiswahili, unaomuuliza kwa Kiswahili, kuhusu msichana anayevuka Thuci, ana vidole vya nani? Mzoefu wa Zork atasumbuka dakika tano, ataandika "vifupisho", ataona orodha, na ataendelea. Mama yangu hakupata orodha. Alipata "Kwaheri". Nikipima hasara hizo mbili, mizani haisumbui.

Wengine wanasema kompyuta ni Kiingereza, tukubali tu. Msimbo wangu ni wa Kiingereza na sina ugomvi nao, kama mnavyoona hapo juu. Lakini mchezaji hasomi msimbo. Anasoma swali, na lugha ya swali ndiyo lugha ya jibu. Ukimuuliza mtu kwa Kiswahili na ukamsikia kwa Kiingereza, hujamtafsiria mchezo. Umemtegea.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonipa shida: kwamba kumwandikisha mtu neno zima "ndiyo" ni kumchosha, na programu nzuri humpunguzia mtu kazi. Hapo nawaomba mtazame simu zenu. M-Pesa ipo tangu mwaka 2007, na sote tunajua kutuma pesa huku tukitembea. Ukifika mahali pa kuziachilia, inakutaka PIN ya tarakimu nne. Haikuambii bonyeza herufi moja. Hakuna anayeiita hiyo usumbufu, kwa sababu pesa ikienda imekwenda. Urefu ule umewekwa makusudi, uwe kama mlango wenye komeo.

KANUNI YANGU SASA

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokifanya, na ninachowashauri.

Kifupisho kisichomgonga mtu, kiache. X haimo katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hiyo haigombani na neno lolote. Najua vijana tuliandikiana "xaxa" na "xema" kwenye SMS, lakini sijaona mtu akiiamuru kompyuta hivyo. X, Z na G zimebaki katika mchezo wangu, na kando yake nimeongeza za Kiswahili. Mzoefu ana kitu cha kushika.

Kifupisho kinachogongana, kama K na M, kifanye kiulize. Usimchagulie mchezaji.

Kifupisho kinachosema uongo, kama N ya kukataa mbele ya mtu wa "ndiyo", kiondoe kabisa. Usikiongezee kingine kando, usikiandikie maelezo kwenye kikaratasi. Kiondoe katika kila tabaka kilimo.

Na penye swali ambalo jibu lake halirudishiki, usiweke kifupisho cha lugha yoyote. Tuliovumbua vifupisho tulitaka kumwokolea mtu muda, na ni jambo jema. Lakini kuna mahali ambapo mtu anastahili kupewa muda wa neno zima kabla hujamtendea.

Nimebadilisha jambo jingine ambalo halihusu kichanganuzi: daftari sasa linajihifadhi lenyewe kila mchezaji anapoondoka mahali. Ningelifanya hivyo tangu mwanzo lile swali lisingekuwapo. Nakiri hilo ili msiniandikie kunikumbusha.

Mama alirudi kwenye mchezo wiki mbili baadaye, nilipomwomba kwa mara ya tatu. Alikiondoa kikaratasi changu kwenye skrini, akakikunja, akanirudishia. Nilimwambia sasa kuna ks na ku, kuna juu na chini. Akasema amesikia. Kisha akawa anaandika kila neno zima, "kaskazini", herufi zote 9, polepole, kama anayeandika ubaoni.

Pale Thuci aliandika tena majina ya wale wanawake. Mara ya kwanza nilikuwa nimeyaona nyuma ya bega lake na nilihesabu manne. Safari hii aliandika matatu, akasimama, akatazama skrini kwa muda, halafu akaandika "toka" na kuvuka mto.

Tuonane tena hapa. Faili la Kiswahili.h nitaliweka likishakuwa safi. Atakayelitaka mapema aniandikie, na aniambie kwao "juu" ni upande gani.